Bahari Iko Kushoto

Bahari ilikuwa kushoto mwa meza ya udi ya marehemu, imening'inia kwenye msumari mmoja, na ilikuwa na vumbi.

Ilikuwa picha ya ubao wa kalenda. Kilima kinashuka majini, reli imekizunguka kama uzi ulivyozunguka kidole, na maji yaliyokuwa ya buluu yameanza kugeuka kijani kwa uzee. Chini ya picha kuna rundo la karatasi za siku. Kila karatasi ina tarehe mbili, ile kubwa ya jua na ile ndogo ya mwezi, na kila asubuhi karatasi moja huchanwa.

Kwa miaka thelathini na minne aliyechana alikuwa Khoát, mume wa Nhạn, fundi feni wa kichochoro cha nyuma ya stesheni ya Nam Định. Sasa anachana Nhạn. Anachana kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anaushika ubao, bahari isitikisike.

Bahari aliyoijua Khoát ilikuwa ile ya kwao, ya matope, ambayo ukiingia hadi shingoni bado ni kahawia. Alisikia kwamba huko kusini yapo maji ambayo mtu akisimama ndani yake anaziona kucha zake za miguu. Alisikia, akaamini, akangoja.

Alingoja kwa sababu feni hufa wakati wa joto. Joto likipanda, kichochoro kizima kilimletea feni zao kama watu wanavyopeleka watoto wenye homa. Joto likishuka, bahari nayo ilikuwa imeshakuwa ya kijivu. Uliobaki ni mwanya mmoja mwembamba. "Septemba," alikuwa akisema, "joto likishavunjika, na tufani hazijafika." Kila mwaka Septemba ilikuja, na kila mwaka ilikuja na jambo lake.

Aliacha daftari. Ndani yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika majina juu ya feni za watu, safari yote ilikuwa imepangwa.

Siku ya kwanza, jioni, kutoka Nam Định. Siku ya pili, Huế, kulala. Siku ya tatu, asubuhi, Huế hadi Đà Nẵng. Viti viwili vya pamoja, kimoja dirishani. Bahari iko kushoto. Siku ya nne, Quy Nhơn. Siku ya tano, kurudi.

Maneno yale, bahari iko kushoto, aliyapigia mistari miwili.

Alifariki tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa saba, kwa hesabu ya mwezi, mchana, mbele ya feni aliyokwisha kuivua mapanga. Mwenye feni alikuja mazishini, akalia, akasema hana haja nayo tena. Feni bado iko pale kwenye meza ya kazi. Nhạn anaipangusa na kuiacha.

*

Binti yao ni mmoja, Diệp. Oktoba anakwenda Japani, miaka mitatu, kuwatunza wazee wa watu. Wakati wa masika alilifungua daftari la baba yake, akasoma, akalirudisha mahali pake. Kesho yake akauliza.

"Mama, siku ya Baba ya kutimiza mwaka itaangukia lini?"

Nhạn alihesabu kwa vidole. Tarehe za mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka, hilo halina mjadala. Mwaka jana ilikuwa mwisho wa Agosti. "Katikati ya Agosti," alisema.

Basi Diệp akaomba likizo katikati ya Septemba. Baba atakuwa ameshaandaliwa karamu yake, ameshakula, ameshatulia. Akakata tiketi mbili kama daftari lilivyoagiza. Upande wa kushoto.

Mvua zikaja, joto likaja. Mwezi wa tano, kwa hesabu ya mwezi, ukaisha, wa sita ukaanza. Wa sita ukaisha. Nhạn akaichana karatasi yake ya mwisho, akaitazama iliyofuata, na iliyofuata ikasema: mwezi wa sita.

Alisimama na karatasi mkononi.

Iko miaka ambayo mwezi mmoja huja mara mbili, ili mwezi usiachwe mbali na jua. Kila mtu kichochoroni anajua, na kalenda ilikuwa imeandika wazi tangu mwaka mpya. Nhạn naye alijua, kama anavyoijua njia ya sokoni. Lakini mwaka wa msiba mtu huupita kama anayetembea ndani ya maji: anaona miguu yake inasogea, haoni inakanyaga wapi.

Siku haichanwi kabla ya wakati wake. Alizifunua tu karatasi kwa kidole gumba, moja moja, akauvuka mwezi wa sita wa pili, akaingia wa saba, akafika ishirini na tatu. Juu yake, kwa tarakimu kubwa: kumi na nne Septemba.

Siku ya tatu ya safari. Siku ya viti viwili. Siku ya bahari kuwa kushoto.

*

Thoan, dada yake Khoát, alikuja jioni hiyohiyo. Habari zina miguu, na Thoan anakaa nyumba ya tatu. Hakuketi kwanza. Aliiinamia picha ya kaka yake, akawasha kijiti cha udi, kisha ndipo akamgeukia Nhạn.

"Wifi, kaka yangu atarudi nyumbani na njaa ya mwaka mzima, akute kufuli?"

"Tunaweza kumwandalia siku moja kabla. Watu wanafanya."

"Watu wanafanya mwaka wa kumi. Mwaka wa kwanza hata mimi nisingekusamehe."

"Wewe hujafa."

"Nikifa ndiyo kwanza utanunua kofia ya pwani, nakujua."

Diệp alikuwa sakafuni akimenya mbegu za yungiyungi. "Shangazi, likizo haisogei. Nikishaondoka ni miaka mitatu."

"Na baba yako ameondoka kwa miaka mingapi?"

Mbegu moja ikamponyoka Diệp, ikabingirika chini ya kabati, na wote watatu wakaitazama mpaka ilipopotea.

Nhạn hakukasirika. Wifi yake alikuwa na haki, na mtoto wake alikuwa na haki. Huku yuko aliyekufa, anayekuja mara moja kwa mwaka, anayehitaji taa, wali wa kunata, kuku mzima na mtu wa kumwita kwa jina. Kule yuko anayeondoka, ambaye bado yupo, ambaye hulala chumba cha pili na hukoroma kama baba yake. Wote wawili ni wake, naye ana mikono miwili tu.

Akafanya kama watu wa kwao wafanyavyo jambo likiwashinda walio hai. Akamuuliza mwenyewe.

*

Sarafu mbili za zamani, zenye tundu katikati, upande mmoja zimepakwa chokaa. Kisahani. Vijiti vitatu vya udi. Zikianguka moja nyeupe na moja nyeusi, amekubali. Zote nyeupe, anacheka. Zote nyeusi, amekataa. Mara tatu, basi.

Ilikuwa asubuhi, na jua lilikuwa limeingia hadi miguuni mwa meza. Nhạn alizungumza kwa sauti ya chini, midomo ikisogea. Akarusha.

Nyeupe zote mbili.

"Anacheka," alisema Diệp.

Akarusha tena. Nyeupe zote mbili.

"Kaka, acha mzaha," alisema Thoan. "Watu wana kazi zao."

Nhạn alitaka kutabasamu. Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza jambo zito alicheka kwanza, akacheka tena, halafu ndipo anakujibu, na jibu lake lilikuwa halina kicheko ndani yake. Akarusha mara ya tatu.

Nyeusi zote mbili.

Udi ulipanda wima, haukuyumba. Nje mtu alipita na baiskeli akinadi mikate. Nhạn akazikusanya sarafu, akazifuta kwa pindo la blauzi, akaziweka kisahanini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai. Diệp akatoa simu, akaanza kutafuta mahali pa kurudishia tiketi. Hakulia. Alitafuta tu, kidole kikipanda na kushuka.

Thoan alikuwa ameshinda, lakini hakukaa kama mshindi. Alilichukua daftari lililokuwa kando ya taa, akalinyosha mbali na macho, mkono ukiwa umekwisha urefu, akasoma polepole. Alipofika penye mistari ile miwili ya penseli alirudia kusoma.

"Wifi. Ulimuuliza nini hasa?"

"Niliomba ruhusa. Nilimwambia tutamwandalia hapa tarehe ishirini na mbili, ale, apumzike, sisi twende."

"Basi umemuuliza kama anakubali kuachwa."

Nhạn alizitazama sarafu kisahanini.

"Nani anakubali kuachwa? Huyu? Huyu aliyeandika viti viwili?" Thoan alilifunga daftari, akalipiga pajani. "Miaka yote hiyo anaambiwa Septemba, Septemba, halafu mmwekee kuku mmtoroke. Hata mimi ningegeuza nyeusi. Muulize kama anakuja."

"Mara tatu zimekwisha, Shangazi."

"Swali jipya ni swali jipya," alisema Thoan, kama aliyeziandika kanuni yeye mwenyewe. "Muulize."

Nhạn akapiga magoti. Safari hii hakunong'ona, alisema kama anavyosemeshwa mtu aliye chumba cha pili. "Khoát, tunakwenda. Siku yako itatukuta kwenye treni, bahari iko kushoto. Chakula chako tutakipakua hukohuko. Je, unakuja?"

Sarafu ya kwanza ikalala. Nyeusi. Ya pili ikasimama kwa ukingo, ikazunguka ndani ya kisahani kama feni iliyozimwa swichi, taratibu, taratibu, ikipoteza upepo wake kidogo kidogo, ikalala.

Nyeupe.

*

Safari ikapangwa upya, maana msafiri ameongezeka.

Aliye hai hupanda treni na tiketi. Aliyekufa huhitaji kuambiwa, hasa kwenye madaraja, kwa sababu roho huogopa maji yanayokwenda kasi na inaweza kubaki ng'ambo. Hilo Thoan alilisimamia. Chini ya mwandiko wa penseli Diệp akaandika kwa kalamu, akisoma simuni: mto Đáy, mto Mã, mto Lam, mto Gianh, mto Hương. Kando ya kila mto akaandika saa, na kando ya saa jina la mtu wa kuamka.

"Unamwambia nini?" aliuliza Diệp.

"Unamwambia, Baba, daraja. Vuka nasi. Unataka hotuba?"

Wali wa kunata utapikwa nyumbani, utafungwa kwa majani ya migomba, hauharibiki upesi. Peremende za karanga za Nam Định, pakiti mbili, moja ya marehemu, moja ya mwenye nyumba ya wageni. Kuku ndiye aliyekuwa tatizo. Diệp alimpigia simu mwenye nyumba ya wageni kule Đà Nẵng, akamweleza kwa aibu kwamba watafika mchana, kwamba wana siku ya mwaka ya baba, kwamba wangehitaji sufuria. Mama yule alikuwa na lafudhi nzito ya huko kwao, ilibidi aseme mara mbili. "Mwanangu, njoo na baba yako. Kuku nitamchemsha mimi. Anapenda na majani ya ndimu, au bila?"

Diệp akaugeukia ukuta. "Anapenda na majani ya ndimu," alisema.

Thoan alikuwa mlangoni akivaa kandambili, na kandambili hazivaliki muda wote huo.

"Mmemuuliza marehemu, mmemuuliza mwenye kuku," alisema. "Mimi nani ataniuliza?"

Tiketi iliyobaki kati ya Huế na Đà Nẵng ilikuwa moja, upande wa kulia. "Nitatazama milima," alisema Thoan. "Lazima awepo mtu wa kuitazama." Lakini Diệp akaivuta orodha ya viti, akafuta jina lake mwenyewe kushoto, akaliandika kulia, ubavuni mwa shangazi yake, kiti cha kubanana, watapeana zamu. Mimi bahari nitaipita kwa ndege, alisema, nitaiona mpaka niichoke.

Hivyo kushoto vikabaki viti viwili. Cha dirishani ni cha picha ndogo, ile ya kitambulisho, iliyofungwa ndani ya leso. Cha pili ni cha Nhạn. Kama alivyoandika.

*

Tarehe kumi na mbili, alasiri, mabegi yalikuwa mlangoni. Nhạn alimimina maji mapya, akapunguza taa, akaipangusa feni isiyo na mapanga. Kisha akapanda kigoda, akauinua ubao wa kalenda kutoka kwenye msumari.

"Mama, tarehe zote zimo simuni."

"Simu ndiyo iliyosema siku ya baba yako ni Agosti?"

"Ni wewe uliyesema Agosti."

"Basi ndiyo maana naichukua."

Aliupangusa kwa kiganja. Vumbi la mwaka likatoka, na chini ya vumbi maji yalikuwa bado na buluu kidogo, pale karibu na reli. Akaufunga kwa gazeti. Kila asubuhi, popote watakapoamkia, atachana karatasi moja, na ya kumi na nne ataichana dirishani.

Thoan alikuwa ameshika kufuli. Kabla ya kufunga, Nhạn alitazama ndani mara moja. Ukuta wote ulikuwa wa hudhurungi kwa moshi wa udi, isipokuwa kushoto mwa meza. Pale palibaki mraba mweupe, safi, kama ufuko maji yakishakupwa.

Bahari haikuwepo. Ilikuwa kwapani mwake, upande wa kushoto, ndani ya gazeti, ikienda stesheni.