Neno Nililompa Padmaja

Siku ya kwanza darasani sar, yaani mwalimu wetu, alituambia kwamba neno lisilo na uso halikai kichwani. Tulikuwa watu mia na ishirini, tumebanana ghorofa ya tatu pale Ameerpet, feni moja inazunguka na moja imekufa. Akagonga ubao kwa chaki.

"Maneno elfu tatu ya Kiingereza! Mkiyakariri kama kasuku, siku ya mtihani yatapaa. Kila neno mtafutie mtu unayemjua, mbebeshe."

Wenzangu waliwabebesha waigizaji wa sinema, wanasiasa na wajomba zao. Mimi sikuwa na watu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwetu Jagtial, hata muuza chai nilimwonyesha kwa kidole badala ya kusema, na watu niliowajua Hyderabad nzima walikuwa wanawake wa hosteli yetu. Basi nikawagawia hao. Mpishi nikampa neno la mtu asiyecheka. Anti Suguna, msimamizi wetu, nikampa la mtu bahili, la mtu mwenye sauti ya kukwaruza, na mengine sita. Swapna wa chumba cha nne, aliyeongea na simu hadi chooni, nikampa la mtu asiyeishiwa maneno. Niliandika yote kwenye daftari moja, neno la Kiingereza kushoto, jina la mtu kulia. Maana sikuandika. Maana ilikuwa ndiye mtu mwenyewe.

Jina lililojirudia kuliko yote lilikuwa la Padmaja, niliyekaa naye chumba kimoja.

Zilipobaki siku kumi na mbili kabla ya mtihani, nilikuwa sikaliki. Nilisoma nikitembea juu ya paa, kutoka tangi la maji hadi kamba za nguo na kurudi. Nilikula nimesimama. Nikifumba macho, maneno yananipita kama watu wanaowahi treni, na lile ninalolitaka ndilo linalonipa mgongo.

Jioni ya Jumatatu Padmaja akanifuata huko juu na sahani ya pulihora, wali wa ukwaju.

"We mtoto, kaa ule. Utatoboa paa la watu kwa hizo safari zako."

Alinizidi miaka minne, nami nilimwita akka, kama dada yangu wa tumbo moja. Kila jioni alikuwa ananiuliza maneno kutoka kwenye karatasi za sar, ingawa yeye alisoma kwa Kitelugu chetu tangu darasa la kwanza hadi digrii, na Kiingereza alikitamka kama mtu anayetafuna mfupa. Siku hiyo karatasi nilikuwa nimezisahau darasani.

"Basi tutatumia hili," akasema, akachukua daftari kutoka mkononi mwangu kabla sijalibana.

Alifungua, akatembeza kidole. Kikasimama.

"Ha! Padmaja! Ndiye mimi huyu? Umenitia kwenye Kiingereza?" Akasogeza daftari karibu na macho. "Ob... obse... Hili linasemaje?"

"Obsequious," nikasema.

Neno hilo nilimpa katika wiki ya pili. Nilikuwa nimemwona akimshikia Anti Suguna mwavuli huku yeye mwenyewe akilowa. Nilimwona akimbebea kikapu cha biringanya kutoka sokoni, akicheka mara tatu kwa kichekesho kilekile cha Anti, cha mkwe aliyeanguka kisimani, na kumwambia kwamba sari ya njano inamrudisha kwenye ubibi harusi. Sar alipotaja neno la mtu anayejikomba kwa wakubwa, anayejishusha mpaka anakutia kichefuchefu, uso wake ulikuja wenyewe. Likanasa siku hiyohiyo.

"Maana yake?" Padmaja akauliza.

Nikatazama pulihora. Karanga zilikuwa nyingi upande wangu, alikuwa amenichagulia.

"Mtu... mwenye moyo wa kuwahudumia wengine."

"Kweli?"

"Kweli, akka."

Kisha akanifinya shavu na vidole vyake vya ukwaju. "Na mimi nilidhani unaniona kelele tu."

Ningemwambia palepale. Lakini alikuwa ameshatoa kalamu, analiandika kiganjani. Alhamisi alikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hospitali moja ya binafsi. Ulikuwa wa tatu kwake. Mara mbili alikuwa amekwama palepale, wanaposema, "Jieleze." Maneno humkauka. Na mtu wa mapokezi asiyeweza kujieleza nani atamchukua?

"Hili nitawapiga nalo," akasema. "Waone si mtu wa mchezo."

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya bafu, kila mtu na ndoo yake, naye akasimama mbele yetu kama yuko jukwaani. Akajitaja jina, akataja Nalgonda kwao, akataja digrii yake ya biashara, kisha akainua kidevu na kutangaza kwamba yeye ni mtu obsequious sana.

"Mama wee!" Swapna akashangilia. "Hicho Kiingereza cha ikulu, akka! Kina maana gani?"

"Moyo wa huduma. Nina profesa wangu chumbani."

"Umeangalia kamusi?"

"Kamusi ya nini, na Yamini yupo?"

Wakanigeukia wote. Nikainamia ndoo yangu.

Jioni nikajikaza. Alikuwa anapiga pasi blauzi. "Akka, lile neno lako..."

"Najua, nalivunja mgongo. Nifundishe basi, usione haya."

Nikamfundisha. Ndivyo nilivyofanya. Nilimwonyesha mahali pa kukazia na mahali pa kuachia, tukarudia mara kumi, na alipolipatia nikampigia makofi. Kisha nikapanda juu ya paa nikatembea mpaka miguu ikauma. Jumatano sikukariri hata neno moja. Kila nililolifungua lilikuwa lilelile, na uso uleule, ukinichekea.

Alhamisi alitoka mapema, sari ya pamba imesimama kwa wanga, jasmini kwenye nywele. Nilijifanya nimelala. Alinifunika miguu kwa shuka, akavuta mlango polepole nisishtuke.

Nililala hivyo kwa muda ambao mtu angehesabu hamsini. Halafu nikaruka, nikavaa ndala zisizo jozi, nikakimbia. Nilipita kwenye mikokoteni ya wauza vitumbua vya idli na maduka ya kutoa kopi, mimi ambaye huwa nasubiri barabara iwe tupu ndipo nivuke. Nilimkuta kwenye foleni ya ukaguzi wa wanawake pale stesheni ya metro.

"Akka!"

Akageuka, akashika faili lake. "Nimesahau nini?"

"Lile neno usiliseme."

"Kwa nini? Nalipatia sasa hivi. Sikiliza..."

"Nilikudanganya."

Foleni ikasogea. Yeye hakusogea. Mama mmoja nyuma yetu akasonya, akatuzunguka.

"Linamaanisha nini?"

Nikaanza kulizungusha kwa Kiingereza, nikatoa maneno mawili matatu ya sar. Akanikata.

"Kwa Kitelugu, Yamini."

Kwa Kiingereza lilikuwa alama moja ya mtihani. Nililiandika kama ninavyoandika tarehe. Kwa lugha yetu ilibidi niokote lile ambalo mama zetu hutupiana bombani, wakigombania zamu ya maji.

"Mtu wa kujikomba," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwa Anti Suguna."

Alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa chake. "Saa nne usiku vyumba vyote vinazimwa taa. Chetu kinazimwa?"

"Hapana."

"Ulidhani Anti kapenda macho yako? Miezi minne nimebeba biringanya za yule mama. Nimemcheka yule mkwe na kisima chake mpaka mbavu zinaniuma. Ili wewe usome. Na wewe umekaa chini ya taa hiyohiyo ukaniandika."

Nilitafuta, naapa nilitafuta. Katika yale maneno elfu tatu halikuja hata moja.

Treni ikasikika juu yetu. Padmaja akajifuta chini ya jicho kwa ncha ya kidole, wanja usiharibike.

"Sasa pale pa lile neno nitaweka nini?"

"Sema unapenda kusaidia watu."

"Kwa Kiingereza, profesa."

Nikamwambia. Yalikuwa maneno manne.

"Hicho si cha mtoto wa darasa la pili?"

"Ndicho, akka. Lakini ni kweli."

Aliyarudia mara moja, midomo ikicheza bila sauti, akapita kwenye ukaguzi. Hakugeuka.

Alirudi saa kumi na moja jioni. Ukumbini wenzetu wakamzunguka, akawasimulia kwa sauti kubwa juu ya bwana aliyepaka nywele rangi ikamchuruzika sikioni, na jinsi alivyojieleza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Wamesema watampigia Jumatatu. Swapna akauliza kama lile neno lilifanya kazi.

"Sikulihitaji," Padmaja akajibu, akamega chapati.

Mimi hakunitazama. Nilimfuata chumbani, nikasimama mlangoni kama mgeni. Alikuwa kitandani anavua bangili moja moja.

"Jina langu limo mara ngapi humo?"

"Arobaini na moja."

"Kaa. Soma. Yote, kwa Kitelugu. Na usinirembee."

Nikakaa, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. La kwanza lilikuwa mtu mkarimu.

"Endelea."

"Mtu mwenye kelele."

"Hilo nalijua. Endelea."

"Mkaidi."

"Mkaidi bibi yako. Endelea."

Nikafungua ukurasa. Lililofuata lilikuwa baya kuliko lile la Jumatatu. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Niliona njia ya kulipita, au kulilainisha kidogo tu, na ulimi ukaanza kujipanga wenyewe.

"Nasubiri," Padmaja akasema.

Nikalisema kama lilivyo.