Picha ya Nikuze Ndani ya Kinu

Deodatha alizoea kupiga picha za harusi na kipaimara, watu wamesimama wima na mikono imetulia. Kaka yake Edgar alipomwomba aje Kimuli kupiga picha za bendi yake ya hevi metali, alikubali kwa shingo upande. Wanabendi walikuwa vijana waliojifunza gitaa kwenye simu, na mchana ule walipiga kwenye uwanja wa mpira, jenereta ikinguruma nyuma ya goli.

"Sisi tuache," Edgar alimwambia kabla ya kupanda jukwaani. "Piga picha za watu."

Wimbo wa pili ulipoanza, waliosimama mbele waliacha nafasi katikati, kisha wakaingia humo mbio, wakigongana mabega na vifua. Vijana wa pale walipaita kinu. Kwa mbali, kila picha aliyopiga Deodatha ilionekana kama ugomvi wa kilabu cha pombe. Akazungusha mkanda wa kamera mkononi, akaingia.

Mara bega la mtu likamgonga ubavuni, akaanguka kwenye vumbi. Alijikunja akingoja kukanyagwa. Mikono ikamshika kwapani, ikamsimamisha.

"Umeumia, dada?" jamaa mmoja mwenye ndevu alimpigia kelele sikioni.

Alipotikisa kichwa, yule jamaa alimgeuzia mgongo, akatanua mikono kumkinga ili apige picha.

Hapo akamwona Nikuze. Alimfahamu. Deodatha ndiye aliyepiga picha za harusi ya Nikuze, na mwaka huu alikuwepo msibani Nikuze alipomzika mumewe, Nsanzimana, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki. Siku ile Nikuze hakutoa chozi, na watu wakamsema. Sasa alikuwa katikati ya kinu, miguu peku, kitenge kimening'inia, mdomo wazi, akipiga ukelele uliomezwa na magitaa. Deodatha akabonyeza kamera, akabonyeza tena. Nikuze akaanguka magoti. Watu wawili wasiomjua wakamwinua, akamwegemea mmoja wao, akalia.

Deodatha alimpa Edgar picha zote achague. Edgar, bila kumwuliza mtu, akaweka mtandaoni ile ya mdomo wazi. Kufikia Jumapili ilikuwa imeenea kwenye simu za waumini wa kigango kizima.

"Wanasema nina pepo," Nikuze alimwambia Deodatha kwa simu. "Mama mkwe hanisemeshi."

Deodatha alimfokea kaka yake mpaka akaifuta.

"Lakini ndiyo nzuri kuliko zote," Edgar alijitetea.

"Ungemwuliza mwenye uso."

Kuifuta hakukutosha, watu walishaiona. Kesho yake Deodatha akaenda nyumbani kwa akina Nikuze. Mama mkwe, Mukantabana, alikuwa anamenya ndizi mlangoni mwa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umeleta ile picha, nimeshaiona."

"Nimeleta zilizofuata. Ile ni moja tu."

Akakaa mkekani, akamwonyesha kwenye kioo cha kamera, moja baada ya nyingine. Mukantabana akafuta utomvu mikononi, akasogea.

"Hawa waliomshika ni nani?"

"Hata yeye hawajui."

"Na hapa analia?"

"Analia, mama. Wimbo uliisha, mwingine ukaanza, yeye bado analia."

Nikuze alikuwa ametoka ndani, amesimama nyuma yao.

"Siku ya kumzika mwanangu nilikungoja," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Nilijiambia, huyu akilia, nitalia naye. Hukulia. Nikajua hukumpenda."

"Nilijaribu, mama. Watu wote walikuwa wananitazama usoni kuona kama nitalia, kilio kikakwama hapa." Nikuze aligusa koo. "Kule uwanjani kila mtu alikuwa anapiga kelele. Hakuna aliyenisikia."

Mukantabana alirudi kwenye picha ya magoti, akaitazama mpaka kioo kikazima. Alipofungua mdomo kusema, sauti ilitoka kama kwikwi. Nikuze akaja akaketi, akamkumbatia. Walilia kwa sauti, na jirani mmoja akachungulia kutoka migombani, akaondoka taratibu. Deodatha akachukua kisu, akaendelea kumenya ndizi, maana hakujua afanye nini kingine.

Jumapili iliyofuata Mukantabana aliingia kanisani amemshika mkwewe mkono. Baada ya misa, Costansia, mama mmoja wa kwaya, aliwasogelea uani akauliza kwa upole kama pepo amekwisha kumtoka.

"Alikuwa anamlilia mwanangu," Mukantabana alijibu, kwa sauti iliyowafikia wote waliosimama pale. "Nami namlilia. Kama una neno, tuambie sote wawili."

Costansia aliinamisha kichwa. Kisha akampa Nikuze mkono, akamwambia, "Pole, mwanangu," neno ambalo Nikuze hakuwa amelisikia tangu msiba ulipovunjwa.