Ajon ya Toto

Anyait alifungua ukurasa wa soko kwenye simu aone nani ameagiza ajon, ile pombe ya wimbi ya Wateso, ya matanga ya Jumamosi. Hakukuta oda. Alikuta maneno mekundu: "Umefungiwa. Unauzia watoto pombe."

Watoto! Mwanamke mwenye leseni ukutani, ambaye hata kijana wa sekondari akichungulia mlangoni humkimbiza na mwiko! Na wateja wake wote, Malaba mpaka Busia, walimpata kwenye ukurasa huo wa soko. Bila ukurasa, biashara imekufa.

Akampigia Collins, mwenye ukurasa, aliyeko Nairobi.

"Mama, tangazo lako linasema 'Ajon ya Toto.' Si ni pombe ya mtoto?"

"Toto ni mama! Kwa Kiteso mama ndiye toto. Huku kila mtu ananiita hivyo. Si ungeniuliza?"

"Mshtakiwa hatumuulizi, atajitetea tu. Tuliuliza mtu wa huko huko, Mourine. Akasema toto ni mtoto."

Anyait akakaa chini. Mourine ni Mteso wa kuzaliwa. Alipomzika mamake, Anyait ndiye aliyemchukua, akamfunza kukaanga unga wa wimbi bila kuuunguza.

Akaenda kwake, nyuma ya maegesho ya malori. Akawakuta wateja wake mwenyewe wamezunguka chungu cha Mourine, mirija midomoni.

"Toto, karibu!" Mourine akasema kabla hajajizuia.

"Toto ni nini, Mourine?"

"Collins aliniuliza kwa Kiswahili," Mourine akasema, akiongeza maji ya moto chunguni. "Kwa Kiswahili toto ni nini? Sikudanganya."

"Ulijua anauliza nini."

"Nilijibu nilichoulizwa. Ukurasa una sheria zake. Keti, Toto, acha hasira. Chukua mrija."

"Siwezi. Mimi ni mtoto, umesema mwenyewe. Usije ukafungiwa na wewe."

Mzee Emukule, aliyekuwa wa kwanza kumwita Toto pale Malaba, akapaliwa kwa kicheko. Wengine nao wakacheka. Anyait akasimama palepale, akangoja mmoja wao ainuke, aseme hata neno moja, apige hata simu. Wote walijua toto ni nani.

"Kesho tutampigia huyo kijana, Toto," Emukule akasema, akiutafuta mrija wake kwa midomo. "Leo maji ya moto yashaingia chunguni. Tukiinuka, yatapoa."