Aliyekaliwa

Kinyozi alikuwa uani akianika shimizi la mkewe, vibanio mdomoni, baba yake alipokuja kumkalia shingoni. Mzee alikuwa amezikwa tangu mvua za mwaka juzi. Aliingia uani kwa mlango wa nyuma kama alivyozoea, akavua viatu, akapanda kwa kushika masikio ya mwanawe, akatulia. Hakuwa mzito. Kinyozi alimaliza kuanika, akaingia ndani akiwa ameinama ili mzee asijigonge mlangoni.

"Shikamoo, baba," mkewe alisema kutoka kitandani.

"Marahaba, mkwe. Usiinuke."

Hakuwa na ruhusa ya kuinuka. Mkunga alikuwa amemwambia alale mpaka ajifungue. Asibebe ndoo wala asiinamie beseni, la sivyo mimba hii nayo itatoka kama iliyotangulia. Ndiyo maana kinyozi alikuwa akipika, akifua, akimwogesha binti yao mdogo na kumwaga haja za mgonjwa. Alisema anamsaidia mkewe, kana kwamba nyumba ni ya mkewe na yeye ni mgeni mwenye adabu.

Neno lenyewe lilikuwa limeanzia dukani kwake, dalali wa nyumba alipoona povu la sabuni kwenye kiwiko cha kinyozi.

"Ndugu yangu, naona umekaliwa."

Waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Kinyozi naye alicheka, maana mteja ni mteja. Kila siku watu husema fulani kakaliwa na mkewe, wanacheka, yanaisha. Hili halikuisha.

Mzee alikuwa na uzito wa kuchagua. Kinyozi akipika mlango ukiwa umefungwa, alikuwa mwepesi kama mkoba mtupu. Akitoka na ndoo kwenda bombani, wanaume wakiwa barazani wanamtazama, alizidi uzito kwa kila hatua. Baada ya muda kidevu cha kinyozi kiligusa kifua, akawa anawatambua majirani kwa viatu vyao. Dukani mzee hakupanda. Alikaa kwenye benchi na wenzake, wakasogea kidogo apate nafasi, akasoma gazeti.

"Una hasira na mimi, baba?" kinyozi alimuuliza wakiwa njiani kurudi.

"Hasira ya nini? Nimechoka kusimama tu. Kesho nakuja na babu yako, naye amechoka."

Kinyozi aliogopa. Riziki yake ilikuwa visogo vya watu, na alijua shingo ikishafika pale hainyooki tena.

Magharibi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia mkewe yote.

"Mama watoto, shingo inanikatika. Na kesho wanakuja wawili."

"Wawili tu?" mkewe alisema. "Hebu washa taa."

Akawasha. Juu ya shingo na mabega ya mkewe walikuwa wamekaa wanawake, wamebanana mpaka dari inawagusa vichwa: marehemu mama yake kinyozi, bibi yake, mama wa bibi, na wengine asiowajua, kila mmoja na ndoo yake mapajani. Aliwaamkia, wakamwitikia kwa heshima.

"Wako hapo tangu lini?"

"Tangu siku uliyonioa. Nilidhani unawaona."

Kinyozi aliona aibu, aibu ya kweli, machozi yakamtoka. Alimpenda mkewe, hilo halikuwa na ubishi. Mama yake aliinama kutoka alipokaa, akampapasa kisogo.

"Maskini mwanangu," mama alisema. "Shingo yako hii."

Asubuhi ndoo ilikuwa tupu na binti alikuwa akilia njaa. Mlangoni babu alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Kinyozi alimtazama kwa jicho la pembeni, kisha akaiweka ndoo chini taratibu, karibu na kitanda.

"Leo tu," alisema. "Shingo ipumue kidogo."

Mkewe alimtazama, akaitazama ndoo. Aliketi, mkono mmoja tumboni, akateremsha miguu sakafuni. Baba alishuka kutoka shingoni mwa kinyozi, akamshika babu mkono, wakazunguka kitanda. Wanawake walisogeleana.

"Karibuni, karibuni," mama yake kinyozi alisema. "Nafasi ipo."

Mkewe aliinamisha kichwa wapande vizuri, kisha akainama zaidi, akashika ndoo.

Dukani siku hiyo walimsifia. Dalali alisema sasa ndiyo anaonekana mwanamume, amenyooka kama mlingoti. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Saa sita hivi mkunga alipita mbele ya duka akikimbia, mkoba wake wa kazi begani, akikata kona ya nyumbani kwa kinyozi. Kinyozi alimwona vizuri kabisa, kwa kuwa sasa aliweza kutazama mbele.