Kabla ya Kufukia, Mwite Adui

Mtaani walimwita Mama Mtikisiko, ingawa hakuwa mama wa mtu. Alikuwa mtaalamu wa matetemeko ya ardhi, na ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye nyufa. Si nyufa za ukutani, ambazo kila mwenye nyumba anazo na hazitaki. Yeye alitafuta ufa mkubwa ulio chini ya ardhi, ule ambao pande zake zikiteleza kidogo tu, sahani zinaruka kabatini na watu wazima wanatoka nje na taulo.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari yoyote. Alianza kwa kutega mashine za kupima mitetemo vilimani. Moja iliibwa betri, nyingine ikajengewa banda la ng'ombe juu yake, akapata mitetemo ya kwato msimu mzima. Makala yake ya kwanza ilieleza matetemeko madogo yanayorudi kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Aliiondoa mwenyewe kabla haijachapwa, alipogundua kwamba nyuma ya kilima kulikuwa na machimbo ya kokoto.

"Ardhi inayopumzika Jumapili," mwalimu wake alimwambia, "hiyo imeajiriwa."

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Mzee Hapana. Ungempelekea wazo lolote, hata la kwenda kula, jibu lake la kwanza lilikuwa hilo. Ndiye aliyechora ramani ya nyufa ambayo mji mzima ulijengwa kwa kuifuata, na ufa unaopita mashariki ya mji aliuandika kwamba umekufa zamani, kabla binadamu hajajua kupika. Mama Mtikisiko alisema uko hai. Wamebishana tangu yeye ana kiuno chembamba mpaka sasa anavaa miwani, na hakuna aliyewahi kuuona huo ufa kwa macho.

Sasa manispaa ikataka kujenga wodi ya wazazi kwenye uwanja wa zamani wa mpira, juu kabisa ya pale Mama Mtikisiko aliposema ufa unapita. Alipiga kelele katika kila ofisi yenye kiti, hadi akapewa ruhusa ya kuchimba handaki kukatiza uwanja. Sharti lilikuwa moja: mhandisi wa manispaa angekuja mchana wa siku ya mwisho. Akioneshwa ufa hai, wodi inahama. Asipooneshwa, handaki linafukiwa na zege linamwagwa.

Siku hiyo ya mwisho alishuka ngazini asubuhi akiwa na furaha ya kuku aliyeona gunia limetoboka. Handaki lilikuwa refu na lenye kina cha kumzidi mtu kimo, kuta zake zimekwanguliwa kwa mwiko wa fundi mpaka kila tabaka likaonekana kama keki iliyokatwa: udongo mwekundu, changarawe, mfinyanzi mweusi. Alikuwa amefunga nyuzi kupata miraba, na kila tabaka lina kibendera chake. Kwenye ukuta wa kulia ndipo ulipokuwa ufa wake. Mwembamba, umesimama wima, umepasua tabaka baada ya tabaka, na ndani yake umejaa udongo laini ulioporomoka kutoka juu. Ungeweza kuuwekea fremu.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake.

"Bado uko shimoni?"

"Bado, mama. Ila leo namaliza."

"Wenzako wanachimba misingi, wewe unachimba shimo ulifukie. Na usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi nilikwambia."

"Huu hauzibwi, mama. Huu unaukimbia."

"Basi kimbia uje ule."

Juu, kwenye kiti cha mtambo wa kuchimbia, dereva aliyeitwa Kijiko alikuwa akimsikiliza na kucheka peke yake. "Dokta," akaita, "mgeni wako kafika. Kavaa viatu vya harusi."

Maana kazi hii ina desturi yake ngumu: ukishachimba, kabla ya kufukia, unamwita adui yako. Rafiki haitwi, kwa sababu rafiki atasifu. Unamwita yule anayekuona mjinga, unampa mwiko, unamwambia haya, bomoa. Akishindwa kubomoa, ndipo una ushahidi. Na akikubali, anachomeka pini nyekundu ukutani kwa mkono wake. Mzee Hapana alikwisha kuitwa kwenye mahandaki mengi, na hakuwahi kuchomeka hata moja.

Alishuka taratibu, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine ukishika suruali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Na wewe umefupika."

"Ni shimo lako. Ufa uko wapi?"

Akamwonesha. Mzee aliutazama kwa muda, akiinamisha kichwa huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi. Kisha akachukua mwiko akaanza kukwangua ule udongo laini, polepole, akishuka kuelekea chini ya ufa. Mama Mtikisiko alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, akitabasamu.

Mwiko ukalia *ting*.

Mzee akakitoa kwa vidole, akakipuliza, akakiweka kwenye kiganja cha mwanafunzi wake. Kizibo cha soda.

"Ufa wako," akasema, "una kiu."

Mama Mtikisiko alikigeuza kizibo kiganjani. Alijaribu kufikiria jinsi kizibo kinavyoweza kuporomoka hadi chini kabisa ya ufa wa kale, akashindwa. Akapanda ngazi, akasimama ukingoni, akatazama uwanja. Upande wa pili, mbali, lilikuwa limebaki goli moja lenye kutu. Akalitazama goli lile, akatazama mahali alipokuwa amesimama, akarudia. Vilikuwa vinakabiliana sawasawa.

Akashuka tena. "Ni tundu la mlingoti wa goli," akasema. "Waling'oa chuma, tundu likajaa udongo."

Kule juu Kijiko alipiga usukani kwa vicheko. "Dokta kafunga! Tena bila kipa!"

"Wewe nyamaza, nitakufukia wewe."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini jambo lenyewe halikuwa na mzaha. Mhandisi alikuwa njiani. Angekuja kuoneshwa tundu la goli, angecheka kistaarabu kama wanavyocheka wahandisi, na hadithi ingefika mjini kabla yake. Baada ya hapo, hata Mama Mtikisiko akisema mvua inanyesha, watu wangetoka nje kuhakikisha. Na wodi ingejengwa pale pale, wanawake walale humo na vichanga vyao, juu ya kitu alichokuwa na hakika nacho na hakuwa na njia ya kukionesha.

"Basi," akasema, "nimebakiwa na ukuta wa kushoto. Sikuuhangaikia sana. Ni mchafu, matabaka yamevurugika."

"Kilichovurugika huwa kina sababu," Mzee akasema, akaugeukia ukuta huo, mwiko mkononi. Alikuwa amefurahi, na hakuficha. Alikwangua akipiga mluzi. Akafika kwenye mfinyanzi mweusi, mluzi ukapungua. Akakwangua kidogo zaidi, ukakoma.

Mama Mtikisiko alingoja asikie "hapana". Haikuja. Katika miaka yote ya kumjua mzee huyu hakuwahi kuona kimya chake, akasogea kukitazama kama unavyotazama mnyama adimu.

Tabaka jeusi lilitembea vizuri kutoka kushoto, halafu likakatika. Liliendelea upande wa pili, lakini chini zaidi, limeshuka kiasi cha kiganja. Hakukuwa na tundu wala udongo laini. Palikuwa na mstari mwembamba tu, mbaya, umepinda, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupita kila siku akienda kuushangaa ule mzuri wa kulia. Na ndani ya tabaka lililokatika, pande zote mbili, kulikuwa na vigae vya chungu na vipande vya mkaa.

"Walikuwa wanapika hapa," Mzee akasema kwa sauti ndogo. "Wamepika, wakatupa vyungu vyao, na ardhi ikakatika baadaye."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi niliandika kabla binadamu hajajua kupika."

"Naikumbuka sentensi hiyo. Ulinilazimisha niikariri."

Mzee alijikalia kwenye ndoo iliyopinduliwa, viatu vya harusi matopeni. Halafu akanyoosha mkono bila kumtazama.

"Lete pini."

Akampa. Mzee akasimama, akaichomeka pale tabaka lilipokatika, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikazama.

Mhandisi alifika akiwa na kofia ngumu na haraka nyingi. Aliinama ukingoni, akaona bendera, nyuzi na watu wawili wamechafuka.

"Habari za kazi, wakubwa. Dokta, samahani, lori la zege linaningoja. Mzee, wewe ndiye mwenye ramani, niambie kwa kifupi. Tumwage?"

"Hapana," akasema Mzee.

"Lakini ramani yako..."

"Ramani yangu ina kosa. Shuka nikuoneshe, kijana, na viatu usivionee huruma."

Mhandisi akashuka. Alioneshwa mara mbili, akagusa vigae, akapanda juu akampigia mtu simu, akimweleza wodi ihamie ng'ambo ya barabara.

Mama Mtikisiko alikuwa amekwisha kaa chini na ubao wake, akichora ukuta mraba kwa mraba.

"Uchore na goli," Mzee akamwambia.

"Nimeanza nalo."

"Na kizibo?"

"Mwalimu, hata kizibo?"

"Kila kitu kilichomo ukutani."

Akachora na kizibo. Simu ikalia tena, chakula kinapoa.

"Nakuja, mama. Naja na mgeni."

"Anakula nini?"

Akamgeukia Mzee. "Mwalimu, twende tukale nyumbani?"

"Hapana," Mzee akajibu, na tayari alikuwa ameshika ngazi.