Ukurasa wa Chumba cha Tisa

Ithibati ya utunzaji mwema wa wanyama wa maabara ni ya hiari. Hakuna sheria iliyokilazimisha chuo chetu kuiomba. Ilikuwepo barua tu ya Daktari Haldorsen, mkuu wa jengo la wanyama, iliyosema kila mfanyakazi atajitolea kuiandalia, na asiyejitolea aende ofisini kwake akaeleze kwa nini. Tukajitolea sote, kwa moyo mkunjufu, kabla ya saa sita mchana.

Mimi nilikuwa karani wa kamati ya ustawi wa wanyama, yaani mtu wa kugonga mihuri na kuagiza donati. Aliyewajua wanyama wenyewe ni Verna Lindqvist, mhudumu wa chumba cha tisa, chumba cha panya weupe. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo. Daktari Haldorsen alikuwa na shahada nne, na koti jeupe ambalo halijawahi kuonja mavi ya panya.

Kwa miaka mitatu Verna aliomba kitu kimoja: karatasi laini za panya kujengea viota. Ombi lilikuwa bado linatafakariwa. Lakini siku nne kabla ya wakaguzi kufika, iligunduliwa kwamba ukuta wa ukumbini hauna picha, na picha zikapatikana siku hiyohiyo: sungura wanaotabasamu, kila mmoja na fremu yake. Fundi akaja na mashine ya kutoboa ukuta.

Verna akamfuata mkuu ukumbini, mlangoni pa chumba cha tisa. "Daktari, humo ndani kuna majike thelathini waliojifungua juzi. Mashine ikinguruma hapa, watashtuka na kuwala watoto wao. Ngoja wiki mbili."

"Bi Verna, wakaguzi wanakuja Jumatatu. Unataka wakute ukuta mtupu?"

"Hawaji kukagua ukuta."

"Basi ungekuwa wewe mkuu," akasema Daktari kwa upole, akamwashiria fundi aendelee.

Kesho yake Verna alikuta vizimba kumi na tisa havina mtoto hata mmoja. Hakulia. Aliviosha kimoja kimoja, kisha akaandika kwenye daftari la chumba: vizimba kumi na tisa, watoto wote wameliwa na mama zao, sababu ni kutobolewa kwa ukuta, saa tatu hadi saa nane. Akaja kukaa mezani kwangu bila kugusa donati.

"Hao majike nimewalea mwenyewe tangu hawajafungua macho," alisema. "Wamefanya vile kwa hofu tu."

Hapo Haldorsen aliingia na daftari mkononi.

"Andika upya, Verna. Weka 'sababu haijulikani.' Kisayansi ni sahihi kabisa, maana hatukufanya jaribio."

"Naijua sababu. Nilikwambia jana."

"Unataka kukiangusha chuo kwa ukurasa mmoja?"

"Kama ukurasa unakiangusha, basi kilishaoza nguzo."

Daktari akanigeukia mimi. "Orrin, uchane huo ukurasa."

Nikamwambia ukichanwa kwa mkono utaacha mabaki, acha nikatafute mkasi. Nikatoka na daftari kwapani, nikatafuta mkasi mchana kutwa, kisha siku zote mbili za mapumziko, nyumbani kwangu, nikiwa nimejilaza. Huo ndio ushujaa wangu wote, na nausimulia bila aibu.

Jumatatu nililirudisha rafuni, mkasi bado haujaonekana. Kiongozi wa wakaguzi alikuwa Daktari Achterberg, mama mfupi mwenye viatu vya mpira. Haldorsen alimpitisha kwenye picha zote za sungura. Mama akazitazama kwa adabu, akasema, "Naomba daftari la chumba cha tisa."

Alisoma akiwa amesimama. "Nani ameandika hapa?"

"Mfanyakazi mmoja mwenye hisia kali," akasema Haldorsen.

"Nataka kuzungumza naye. Sisi wawili tu."

Walikaa humo saa nzima. Kupitia kioo niliwaona wamechuchumaa mbele ya vizimba, Verna akionyesha kwa kidole, mwenzake akiandika.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Ithibati ilizuiwa mpaka viota vipatikane na mpaka wahudumu wawe na sauti ya kusimamisha ujenzi karibu na wanyama. Mstari mmoja ulisifu ukweli wa kumbukumbu za chumba cha tisa. Mkutanoni Haldorsen alitusomea mstari huo tu, akajipongeza kwa utamaduni wa uwazi alioujenga. Tukapiga makofi. Verna naye alipiga, taratibu, kama anayeua mbu.

Karatasi za viota zilifika wiki ileile. Kumbe kutafakari nako kuna mbio zake. Mwaka uliofuata ithibati ikatolewa, na Haldorsen akapandishwa cheo, akahamia jengo la utawala ng'ambo ya mto, ambako hakuna mnyama wa kumsumbua. Nafasi yake ilitangazwa. Verna hakuiomba, tangazo lilitaka shahada tatu.

Mkuu mpya alikuwa kijana kutoka mji wa Duluth, mwoga kidogo. Asubuhi yake ya kwanza alisimama nje ya chumba cha tisa na viatu mkononi, asije akawashtua panya, akamwuliza Verna aviweke wapi.