Ukurasa wa Penseli

Karani wa kanisa alikuwa na kalamu moja ya wino na penseli moja, zote ndani ya kopo la maziwa. Mtoto mwenye baba aliandikwa kwa wino, kurasa za mbele za daftari la ubatizo. Asiye na baba wa kutajwa aliandikwa kwa penseli, ukurasa wa mwisho, na kila mwaka mpya karani aliufuta ukurasa huo apate nafasi. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyoukuta utaratibu.

Fundi cherehani alimleta bintiye wa miezi minane, jina lake Pindo.

"Jina la baba?"

"Hana."

"Kila mtu ana baba, dada."

"Wa huyu aliingia mitini. Ukimwona, mwandike."

Karani akachukua penseli. Fundi aliumia moyo, maana mwanawe angefutwa kabla hajajua kutembea. Akaomba wino.

"Basi lete mashahidi wanne," karani alisema, "kila mmoja na jina la baba yake."

Majirani wote walipatwa na udhuru wiki ile ile.

Jumapili zamu ya kusoma ilikuwa ya fundi, na somo lilikuwa ukoo wa Yesu. Kanisani kwao msomaji husoma Ibrahimu, kisha akaruka moja kwa moja hadi Yusufu, watu wawahi nyumbani. Fundi hakuruka. Siku hiyo hakuwa na moyo wa kumruka mtu. Alisoma jina moja moja mpaka akafika kwa Yusufu, na kila aliyetajwa aliingia kwa mlango wa pembeni, akatafuta pa kukaa. Wafalme walibanana kwenye benchi la kwaya. Mzee wa kanisa aliwaomba watu wasogee, akanung'unika kwamba alishasema viti havitoshi.

Wanawake walikuwa wanne, wakakaa pamoja: Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake, Rahabu, aliyekuwa akiuza mwili, Ruthu, mjane wa kuja, na yule ambaye ukoo unamwita mke wa Uria tu. Ibada ilipokwisha walimsubiri fundi mlangoni.

"Umetutaja sote," Rahabu alisema, akimpokea mtoto. "Haya, mwenzetu, una shida gani?"

Fundi aliwaeleza. Wakaongozana naye ofisini, wakapanga foleni.

"Jina la baba?" karani aliuliza.

"Halikuandikwa," Tamari alisema. Rahabu naye vivyo hivyo, na Ruthu.

"La baba ninalo," alisema mke wa Uria. "La kwangu ndilo waliloliacha."

Karani alikuna kichwa. Yusufu seremala, aliyekuwa akikagua bawaba za mlango, akageuka.

"Mimi mtoto hakuwa wa damu yangu," alisema taratibu, "na ukoo wote umeishia kwangu."

"Hayo ni ya zamani, baba," karani alisema. "Utaratibu ni utaratibu."

Akawaandika wanawake wote wanne kwa penseli, ukurasa wa mwisho, na Pindo chini yao. Fundi alisoma orodha ile mara mbili. Alitaka kulia, lakini alijikuta anacheka, na Ruthu akacheka naye. Kisha wageni wakaaga wakaenda zao.

Mwaka mpya karani akauchukua ule ukurasa na kifutio. Kifutio kikaisha, majina yakabaki, tena yamekoza. Akajaribu kingine, nacho kikaisha. Akaandika kwenye orodha ya mahitaji ya ofisi kwamba vifutio vya siku hizi ni vibovu, akalifunga daftari.

Swali lake hakulibadilisha. Lakini kina mama waliomjia baada ya hapo hawakuinamisha vichwa.

"Jina la baba?"

"Mwandike nyuma," walisema, "chini ya Pindo."

Karani akachonga penseli.